Karva Chauth: kwa nini mwezi huangaliwa kupitia chekeche, na ni mwezi wa mji upi unaofungua?

#1 JiraniWaKisutu
Wakuu salama? Nawauliza mnaoijua Karva Chauth kwa undani, si kwa kuiona kwenye filamu. Mwanamke wa Kihindu wa Punjab, Haryana, Rajasthan au Uttar Pradesh hufunga bila chakula wala tone la maji, tangu kabla ya jua kuchomoza hadi mwezi utoke, akimwombea mumewe uhai. Hapo sina swali. Nauliza kuhusu mwisho wa siku: kwa nini mwezi uangaliwe kupitia chekeche la unga? Na kwa walioko Dar, Mombasa au Nairobi, mwezi unaofungua ni wa India au wa hapo walipo?

#2 DadaWaNgara
Chekeche linatoka kwenye katha, kisa cha ibada kinachosomwa jioni. Veeravati, dada pekee wa kaka saba, alikuwa kwao kwenye Karva Chauth yake ya kwanza. Jioni akazimia kwa njaa na kiu. Kaka zake kwa huruma wakawasha moto nyuma ya mti wa mpipali, wakaweka chekeche mbele yake, mwanga ukapenya ukaonekana duara kama mwezi. Akafungua. Tonge la kwanza akapiga chafya, la pili likawa na unywele, la tatu ikaja habari kwamba mume amefariki. Tangu hapo mwanamke hulishika chekeche kwa mkono wake mwenyewe, asiwekewe mwezi wa uongo na mtu mwingine.

#3 MzeeWaPangani
Nilivyosikia mimi ni laana ya mungu Ganesh. Mwezi ulimcheka alipoanguka, akaulaani: atakayeutazama siku ya Chaturthi, yaani siku ya nne ya mwezi, atasingiziwa wizi. Chekeche ni kinga, ili jicho lisikutane na mwezi moja kwa moja.

#4 PanchangMezani
Mzee wangu, shikamoo. Naomba kusahihisha hapo. Laana hiyo ni ya Chaturthi ya mwezi *unaokua*, katika mwezi wa Bhadrapada, yaani siku ya Ganesh Chaturthi yenyewe. Ndiyo siku ambayo mungu Krishna aliuona mwezi akasingiziwa kuiba kito cha Syamantaka. Karva Chauth iko kwenye Chaturthi ya mwezi *unaopungua*, siku ya nne baada ya mwezi mpevu. Chaturthi zote za upande huo ni Sankashti, na mfungaji wa Sankashti hawezi kufungua mpaka auone mwezi na kuumiminia maji. Kwa hiyo siku hii mwezi unatafutwa, haukimbiwi.

Hata sababu ya #2 ina kasoro. Ziko nakala za katha zisizotaja chekeche kabisa: kaka mmoja anapanda mtini na taa, au wanatumia kioo. Kama chekeche lingekuwa kiini cha kisa, lisingekosekana humo.

#5 MamaMkweUpanga
Mimi nimeelezwa sababu ya heshima. Katika kaya za Punjab na Rajasthan mke alikuwa akijifunika uso kwa ncha ya dupatta, yaani mtandio, mbele ya wakwe wa kiume. Mwezi ni mungu, Chandra, tena mkubwa kwake. Haangaliwi macho makavu, huangaliwa kupitia pazia, na pazia la jikoni ni chekeche. Ndiyo maana nyumba nyingine hutumia dupatta tupu na chekeche halipo.

#6 DadaWaNgara
#5 inaeleza kwa nini mwezi. Haielezi kwa nini, baada ya mwezi, anageuza chekeche lile lile na kumtazama mumewe. Mume mbona haonekani kwa pazia siku nyingine?

#7 MamaMkweUpanga
Kwa sababu siku hiyo mume naye anapewa hadhi ya kuabudiwa, mwanangu. Utaratibu wa nyumba nyingi ni huu: anamimina maji kwa mwezi, anauona kupitia chekeche, anamwona mume, anamgusa miguu, kisha mume anamnywesha maji na kumlisha tonge la kwanza. Chekeche linaiunganisha mitazamo hiyo miwili.

#8 Kumbukumbu_za_Lahore
Msisahau kwamba si kila mahali lipo. Filamu za Kihindi za miaka ya 1990 zilifanya namna moja ya Punjab ionekane ndiyo Karva Chauth yote. Zipo familia zinazomwagia mwezi maji na kufungua, basi. Chekeche likikosekana, ibada haijaharibika.

#9 AnganiTu
Naingia kwenye swali la pili, maana hapo watu wanakosea vibaya. Chukueni mfano wa mwaka 2025. Siku ilikuwa 10 Oktoba. Delhi mwezi ulitajwa kuchomoza saa 2:13 usiku kwa saa za India. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo hapa ilikuwa saa 11:43 jioni. Jua la Dar bado liko juu! Anayefungua kwa ujumbe wa simu kutoka Delhi anafungua mchana kweupe.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mwezi utatoka hapa saa 2:13 usiku ya Afrika Mashariki. Hautoki. Delhi kipindi hicho mwezi huchomoza saa mbili na dakika chache baada ya jua kuzama. Kwetu huchukua saa tatu na zaidi. Sababu ni kwamba mwezi wa Oktoba, siku chache baada ya kuwa mpevu, unasafiri kuelekea kaskazini mwa anga. Kwa mtu aliye kaskazini njia yake inalala karibu sambamba na upeo wa macho, hivyo kila usiku unachelewa kidogo tu. Kwetu, karibu na ikweta, njia hiyo inasimama wima zaidi, na ucheleweshaji wa kila usiku unakaribia saa nzima. Siku ya nne tofauti imeshakuwa kubwa.

Kwa kifupi, Dar na Mombasa tegemeeni saa tatu na ushei hadi karibu saa nne usiku. Tafuteni jedwali la kuchomoza kwa mwezi la mji wenu. Angalieni mashariki ikielekea kaskazini, si mashariki kamili. Na ongezeni dakika kumi hadi ishirini, maana jedwali huhesabu upeo wa bahari, halihesabu ghorofa la jirani.

#10 BintiMombasa
#9 ahsante. Ila nyumba nyingine mume yuko India, mke yuko hapa. Wanapigiana simu ya video, mume akiuona mwezi wake mke anafungua. Hiyo inakubalika?

#11 PanchangMezani
Kwa kanuni, hapana. Funga ni ya mwili ulipo. Unakula sargi, chakula cha kabla ya funga, kwa alfajiri ya mji wako, unafungua kwa mwezi wa mji wako. Mume kumwona kwenye simu au kwenye picha ni sawa kabisa, lakini saa ni ya hapa.

Na kuna ugumu ambao #9 hakuugusa. Tithi si siku ya saa 24. Ni muda ambao mwezi unachukua kusogea nyuzi 12 mbali na jua, na huanza na kwisha kwa wakati mmoja duniani kote. Mwaka 2025 Chaturthi ilianza 9 Oktoba saa 4:54 usiku kwa saa za India, ikaisha 10 Oktoba saa 1:38 usiku. Delhi mwezi wa tarehe 9 ulitoka Chaturthi haijaingia, na wa tarehe 10 ukatoka imeshaisha. Ikachukuliwa tarehe 10, kwa kuwa ndiyo iliyochomozewa na jua ndani ya Chaturthi. Zibadili sasa kwa saa zetu: Chaturthi iliingia 9 Oktoba saa 2:24 usiku, ikaisha 10 Oktoba saa 11:08 jioni. Ndiyo maana kalenda ya ukutani iliyochapwa kwa hesabu ya Ujjain au Delhi haitoshi. Hesabu ifanywe kwa mji.

#12 Kumbukumbu_za_Lahore
Hapo sikubaliani nawe. Kwa jamii iliyotawanyika, kila mji ukifuata hesabu yake tutakuwa na mji huu tarehe 9 na mji ule tarehe 10. Mandir, yaani hekalu, itangaze siku moja, na saa tu ndiyo ifuate mwezi wa mji. Siku ni ya jamii.

#13 PanchangMezani
Hoja yako nzito, na mapandita (makuhani) wengi wanaifuata. Wengine wanasema kanuni ni Chaturthi iwepo mwezi unapochomoza, na kanuni haibadiliki kwa ajili ya umoja. Sitaumaliza ubishi huo hapa.

#14 Shemeji_Magomeni
Kwani si tarehe 10 Oktoba kila mwaka? Mbona hesabu nyingi?

#15 AnganiTu
Hapana shemeji. 2022 ilikuwa 13 Oktoba, 2023 ilikuwa 1 Novemba, 2024 ilikuwa 20 Oktoba, 2025 ilikuwa 10 Oktoba, 2026 ni 29 Oktoba. Inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kama Ramadhani, kisha inaruka mbele kwa sababu kalenda ya Kihindu huongeza mwezi mzima kila baada ya miezi 32 hivi. Mwaka 2023 uliongezwa Shravana, mwaka 2026 ni Jyeshtha. Kalenda ya Hijria haiongezi, ndiyo maana Ramadhani inazunguka misimu yote na hii haitoki Oktoba na Novemba.

Na ukiona kitabu kimoja kinasema ni mwezi wa Kartik na kingine Ashwin, siku ni ile ile. Kaskazini wanamaliza mwezi kwa mwezi mpevu, Gujarat na Maharashtra wanamaliza kwa mwezi mwandamo.

#16 SamliNaTambi
Nyie mnahesabu nyota, mimi nataka watu wasizimie. Tuzungumze sargi.

Sargi ni chakula cha kabla ya alfajiri, desturi ya Kipunjabi, na hutolewa na mama mkwe. Kilichozoeleka ni pheni kwa maziwa, mathri (vibiskuti vya chumvi vya kukaanga), matunda, nazi, lozi na zabibu kavu, mithai, na paratha. Huliwa saa kumi hadi kumi na moja alfajiri. Kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili hivi, kwa hiyo usiamke saa kumi na moja na nusu ukategemea kumeza kila kitu kwa haraka.

Pheni ni tambi nyembamba kama nywele, zilizokaangwa na kuviringwa. *Usizichemshe.* Chemsha maziwa kikombe kimoja na nusu na sukari vijiko viwili, epua, mimina juu ya viringo moja, funika dakika tatu. Ukizitia kwenye sufuria iliyo motoni zinayeyuka zote na kuwa uji wa unga.

Mathri: unga wa ngano vikombe 2, semolina robo kikombe, samli vijiko vikubwa 4, ajwaini kijiko cha chai 1, chumvi *nusu* kijiko cha chai, si kimoja, kwa sababu chumvi ya alfajiri ndiyo kiu ya saa nane mchana. Sugua samli kwenye unga mpaka ukiufinya mkononi ushikane. Kanda kwa maji kidogo kidogo, donge liwe gumu. Gawa, bonyeza, toboa kwa uma pande zote. Kaanga moto mdogo dakika 12 hadi 15. Zikivimba kama puri, hukutoboa. Zikiwa nyekundu nje na unga mbichi ndani, mafuta yalikuwa ya moto mno. Zikimomonyoka ndani ya mafuta, samli imezidi.

#17 Kanpur_Kinondoni
Nyongeza: sargi si ya wote. Uttar Pradesh wengi hawana sargi. Wanakula pheni za maziwa na sukari usiku wa kuamkia, kisha wanalala na funga. Mke mwenye asili ya huko akiolewa kwa Wapunjabi, asishangae kuamshwa saa kumi. Na kinyume chake, mama mkwe wa Kanpur asilaumiwe kwamba hakuleta sargi. Kwao haipo.

Kitovu kwetu ni karva yenyewe: gudulia dogo la udongo lenye mlizamu. Huwekwa maji au maziwa, wengine ngano, na kifuniko kinajazwa sukari. Shingoni inafungwa uzi mwekundu, ubavuni zinatiwa nukta za sinduri, na mlizamu unazibwa kwa njiti za nyasi. Kosa la kila mwaka ni kununua gudulia asubuhi na kulijaza jioni. Udongo mpya unakunywa maji na kutoa jasho, kitambaa cha madhabahu kinalowa na karva inabaki nusu. Liloweke usiku kucha, likaushe kivulini, ndipo ulipambe. Asiyepata la mlizamu atumie la shaba. Chungu cha kawaida bila mlizamu kinasumbua wakati wa kummiminia mwezi maji, yanamwagika miguuni.

Wanawake hubadilishana karva mara saba. Aliye peke yake hubadilishana na sanamu ya mungu wa kike Gauri.

#18 DadaWaNgara
Kwa Wapunjabi kinachozungushwa ni thali, yaani sinia la ibada. Wanakaa duara jioni kabla ya giza, kila thali ina taa inayowaka, katha inasomwa, na thali zinapita mkono kwa mkono mara saba. Wimbo wa mizunguko sita ya kwanza unataja miiko ya siku: usisokote uzi, usishone, usimwamshe aliyelala, usimbembeleze aliyenuna. Wa saba unaiondoa. Baada ya duara mama mkwe anapewa zawadi iitwayo baya: mathri, matunda, fedha au nguo.

Mwiko wa sindano unatoka kwenye katha yetu. Mume wa Veeravati, ambaye ni mfalme, alikuwa mwili mzima umechomwa sindano, mke akawa anazitoa moja moja. Alipotoka siku ya mwisho kununua karva, mtumishi akaitoa sindano ya mwisho. Mfalme akafumbua macho, akamdhania mtumishi ndiye malkia.

#19 MzeeWaPangani
Hapo sasa nimeelewa kwa nini wake wa Kipunjabi hawashoni siku hiyo. Nilidhani kisa ni cha Savitri aliyemnyang'anya Yama, mungu wa kifo, roho ya mumewe.

#20 PanchangMezani
Savitri yumo Vana Parva, sehemu ya utenzi wa Mahabharata, na siku yake ni Vat Savitri, ya kuzungushia mti wa mbaniani uzi, mwezi wa Jyeshtha. Kwenye Karva Chauth anayemkabili Yama ni mwanamke aitwaye Karva. Mumewe alikamatwa na mamba mtoni, naye akamfunga mamba kwa uzi wa pamba akamtaka Yama amhukumu. Ipo pia ya Draupadi kuelekezwa na Krishna wakati mumewe Arjuna yuko mbali. Nyumba moja inaweza kusoma zote tatu jioni moja.

#21 MtabibuKivukoni
Naongea kwa upande wa mwili. Hapa kwetu kutoka alfajiri hadi mwezi ni saa 15 au 16 bila maji, tena Oktoba ya Dar ni joto.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wiki mbili kabla, asijipunguzie dozi mwenyewe. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipanda juu ya 16.6 mmol/L, anafungua hapo hapo, mwezi uwepo usiwepo. Mjamzito na anayenyonyesha asifunge kavu. Familia nyingi tayari zinamruhusu maziwa, maji na matunda, na ibada yake inahesabika.

Kichwa kinachouma kuanzia saa tano asubuhi mara nyingi ni chai na kahawa iliyokosekana. Punguza kikombe kimoja kwa siku tangu siku nne kabla. Mkojo kuwa wa rangi nzito ni kawaida. Kizunguzungu unaposimama, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa si kawaida. Kufungua: maji kwa mafunda madogo, tende au ndizi, subiri dakika kumi, kisha chakula. Puri na mithai kwenye tumbo lililokaa saa 15 huleta kichefuchefu.

#22 MamaMkweUpanga
Nakazia ya #21. Na mama wakwe tusimwambie binti "mbona wenzako wameweza".

#23 Shemeji_Magomeni
Sasa asili yake hasa ni nini? Maana kila mtu ana kisa.

#24 Kumbukumbu_za_Lahore
Wengine wanasema ni wake wa askari. Mvua za monsuni zikiisha, vita na safari ndefu zilianza, wake wakabaki wakiomba. Maelezo haya yanalingana na ramani, kwa sababu sikukuu ina nguvu kaskazini-magharibi, walikotoka wanajeshi wengi.

#25 Kanpur_Kinondoni
Wengine wanasema ni kilimo. Ni wakati wa kupanda ngano ya msimu wa baridi, na magudulia makubwa ya kuhifadhia ngano yaliitwa karva. Hii inaeleza chombo, ambacho askari hawakielezi.

#26 DadaWaNgara
Na wengine wanasema chanzo si mume kabisa. Msichana aliolewa mbali, kijiji kizima ni wageni, akapewa mwanamke mmoja wa rika lake awe dada wa kiapo maisha yote. Karva Chauth ilikuwa siku ya undugu huo, mume akaingizwa baadaye. Mimi naegemea hapa, kwa sababu kitendo kikubwa cha jioni ni wanawake kupeana vitu, na mume anaonekana dakika tano za mwisho.

#27 PanchangMezani
Mume asipokuwepo, katha yote inasomwa kwa ajili ya nani? Katika kila kisa anayekufa ni mume.

#28 BintiMombasa
Sisi Wagujarati tuliokulia pwani hii, funga kubwa ya wasichana ni nyingine. Gauri Vrat na Jaya Parvati ni siku tano mwezi wa Ashadha, bila chumvi, na ngano inapandwa kwenye vyungu vidogo. Mkesha usiku wa mwisho, kisha chumvi inarudi. Karva Chauth kwetu imeingia kwa ndoa na kwa televisheni.

#29 SamliNaTambi
Siku tano bila chumvi ni ngumu kuliko siku moja kavu, mdogo wangu. Fungua uzi wake, nitachangia mapishi.

#30 FundiHina
Ya usalama, kwa kuwa mwisho wote ni juu ya paa gizani. Chekeche la fremu ya plastiki usiweke taa ndani yake, inalainika na kudondosha. Taa ikae kwenye thali, chekeche mkono mwingine. Wavu wa nailoni mwembamba mno unafanya mwezi uwe ukungu, chukua wa waya. Samli yetu ya Dar imeyeyuka muda wote, jaza taa nusu tu. Tumia utambi wa duara unaosimama katikati, ule mrefu wa pembeni unazimwa na upepo wa bahari. Dupatta ibane kwa pini begani. Na hina ipakwe siku moja kabla, ikae kwa muda wa saa sita, isioshwe kwa sabuni.

#31 BintiMombasa
Na mawingu? Vuli inaanza kipindi hicho hicho.

#32 MamaMkweUpanga
Saa ya kuchomoza ikipita na anga imefunga, subiri nusu saa. Ukikosa, elekea mashariki-kaskazini umimine maji. Wengine huchora mwezi kwa mchele mzima kwenye sahani na kuuabudu, wengine hutazama mwezi ulio kichwani mwa Shiva kwenye picha. Vyote vinakubalika.

#33 Shemeji_Magomeni
Na anayetaka kuacha, kwa umri au maradhi?

#34 Kanpur_Kinondoni
Hufanya udyapan, ibada ya kuhitimisha funga, kwa kawaida baada ya miaka 12 au 16. Analisha wanawake 13 wenye waume na kuwapa vifaa vya suhag, alama za mwanamke mwenye mume: bangili, sinduri, hina. Baada ya hapo anaweza kuendelea kwa maji na matunda, au kuacha.

#35 MzeeWaPangani
Ngano na sukari za kwenye karva baadaye huenda wapi?

#36 Kanpur_Kinondoni
Sukari anapewa mama mkwe au mwanamke mkubwa wa nyumba, ngano inapikwa au kutolewa sadaka. Maziwa hayalali: yanywewe usiku ule ule, na gudulia lioshwe kwa maji matupu. Sabuni inaingia kwenye udongo na haitoki tena.